"Shauri Yako" ni ya Nani?

Nimeadimika kidogo, mtanisamehe. Zamu za usiku zilinibana wiki tatu mfululizo, na ukiwa kwenye zamu za usiku huku Ukerewe wakati wa baridi, jua unalisikia kwenye taarifa ya hali ya hewa tu. Leo nina mapumziko ya siku mbili, chai ya tangawizi ipo pembeni, basi vuteni viti. Nataka kuwasimulia ubishi wa muziki uliopo kati yangu na majirani zangu, na kwa nini siku hizi nauheshimu ubishi huo kuliko zamani.

Kwanza niseme hili. Waingereza ni watu wastaarabu sana, lakini kubishana na jirani hawataki kabisa. Mwekee Mwingereza wimbo unaoupenda, atakwambia ni mzuri, hata kama masikio yanamuuma. Atatabasamu, atafunga mlango wake, na mtaishi miaka mitano mmetenganishwa na ukuta mmoja bila wewe kujua yeye anapenda nini. Sisi wa kule kwetu hatukulelewa hivyo. Mtu wa Ngamiani akikwambia wimbo wako mbovu, maana yake ni kwamba una nafasi kwenye mkeka, kaa tuzungumze.

Basi jengo letu hapa Sheffield linaishi kizungu siku sita za wiki. Jumamosi jioni gorofa ya nne inageuka Tanga, Mombasa, Unguja na Lubumbashi kwa pamoja. Wabishi wenyewe ni hawa (wameniruhusu niwasimulie, ila majina tumekubaliana yabaki nyumbani):

Papa ni mzee wa Lubumbashi, umri umeshavuka sabini, mjane, anaishi na mjukuu wake wa kiume wa miaka kumi na sita. Kiswahili chake ni kile cha Katanga, na ukizoea hutaki kusikia kingine. Dini yake ya Jumapili ni Ukatoliki, ya Jumamosi ni Franco Luambo na TPOK Jazz. Akiweka wimbo anainua kidole na kusema, "Ile njo muziki. Ingine yote iko makelele."

Bi Mkubwa ni mwenyeji wa Mji Mkongwe, Unguja. Yeye ni taarab tu, tena taarab ya kukaa ukasikiliza, siyo ya kurusha roho. Kaka wa Mombasa ni dereva wa basi hapa mjini, kijana wa Likoni, mgonjwa wa zile nyimbo ambazo Wakenya wanaziita zilizopendwa. Mimi ni binti wa Tanga, nimesoma shahada yangu ya uuguzi Muhimbili, nimezaliwa mwishoni mwa miaka ya themanini, kwa hiyo muziki wangu ni Bongo Fleva ya enzi zetu: Professor Jay, Lady Jaydee, Juma Nature. Mjukuu wa Papa anasikiliza vitu ambavyo sote wanne tunaviogopa.

Ubishi mkubwa kuliko wote ni wa Kaka na Papa, na unahusu "Shauri Yako". Wimbo huu nadhani hakuna msomaji wangu ambaye hajauchezea kwenye harusi. Kaka anasema ni wimbo wa Kenya. Hoja zake: bendi ya Super Mazembe ilikuwa na makao Nairobi, sahani zake zilipigwa redioni Kenya na kuuzwa Kenya, na hadi leo hakuna sherehe ya Kenya inayokwisha bila huo wimbo. Anaongeza kuwa ndiyo hao hao wa "Kasongo", ambao vijana wa Kenya waliufufua mwaka 2024 ukavuma upya kama wimbo wa jana. "Sasa Papa, mtoto akizaliwa Pumwani, akasoma Nairobi, akaoa Nairobi, utamwita Mkongo?"

Papa anasubiri amalize. Hana haraka. Halafu anauliza swali moja tu: "Nani aliutunga?"

Kaka ananyamaza, maana jibu tunalijua wote. Ni Nguashi Timbo, Mkongo. Aliuimba yeye kwanza, Super Mazembe wakaja kuurudia. Na hao Mazembe wenyewe walikuwa Wakongo waliohamia Nairobi katika miaka ya sabini, wakapitia Zambia. Papa akishalitaja hilo jina la Timbo, anaegemea kiti kama hakimu aliyesoma hukumu. Kaka naye hakubali. Jumamosi inayofuata wanaanza upya, kana kwamba ya wiki iliyopita hayakusemwa!

Mimi nilikuwa nawacheka mpaka siku Kaka alipoweka Simba Wanyika na kusema, "Haya, hawa sasa ni wetu bila ubishi." Jamani, damu ya Tanga ikachemka. Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George ni watu wa Tanga! Walianzia Jamhuri Jazz pale pale Tanga, wakapitia Arusha, ndipo wakavuka mpaka na kuunda Simba Wanyika Nairobi mwaka 1971. Na Les Wanyika wa "Sina Makosa" walimeguka humo humo mwaka 1978. Nikamwambia Kaka, "Hata jina la mnyama mmeazima, na mwimbaji mmeazima, kilicho chenu ni umeme wa studio." Bi Mkubwa alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

Kaka naye hakosi cha kujibu. Alinigeuzia kibao kwa Mbaraka Mwinshehe, mwana wa Morogoro tunayejivunia Watanzania wote. Akanikumbusha kuwa Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa kwenye safari zake za muziki huko huko Kenya. "Dada, nyinyi mlimzaa. Lakini siku yake ya mwisho alikuwa kwetu." Hapo hakuna aliyecheka. Kuna hoja nyingine ukizisikia unaweka kikombe chini.

Bi Mkubwa yeye huwa anatuangalia kama watoto wanaogombania mpira. Kwake yeye, hao wote ni wageni wa juzi. Ikhwani Safaa iliundwa Unguja mwaka 1905, anasema, wakati huo hakuna hata mmoja wa Wanyika wenu aliyekuwa amezaliwa. Siti binti Saad, mtoto wa kijijini Fumba, alipanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikarudi nyumbani imo ndani ya sahani. Papa akijidai kwamba rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021, Bi Mkubwa anamjibu taratibu, "Karatasi haiimbi, mzee."

Zamu yangu ikifika wananishambulia wote watatu. Bongo Fleva ni kelele za kompyuta, Bongo Fleva imeigwa Marekani, Bongo Fleva haina gitaa. Mimi nasimama. Nawaambia kizazi chetu kilikuta bendi zinazeeka, na vyombo vya bendi ni ghali, mtoto wa Temeke atapata wapi saksafoni? Alichokuwa nacho ni daftari na mdomo. Akaandika juu ya ajira, UKIMWI, rushwa, mapenzi, na redio ikambeba. Professor Jay aliitoa mwaka 2001 albamu ya "Machozi, Jasho na Damu", na mpaka leo mtu wa rika langu akiisikia anasimama wima. Huo siyo muziki?

Papa aliwahi kunijibu, "Mama, huo ni hotuba." Nikamwuliza, na Remmy Ongala je? Wimbo wake wa "Mambo kwa Soksi" wa kuhimiza kondomu ulikuwa hotuba au muziki? Papa akatafakari, akasema, "Remmy iko Mkongo. Anaruhusiwa." Hahaha! Na ni kweli, Remmy alizaliwa Kindu, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na alipofariki Desemba 2010 Tanzania nzima ililia kama amekufa mtoto wa Sinza.

Kuna mbishi wa tano alijileta mwenyewe. Ni mzee wa Kiingereza wa gorofa ya tatu, mstaafu wa kiwanda cha chuma, anayemwita kila mtu "love" kama ilivyo desturi ya Yorkshire. Jumamosi moja alipanda ngazi kulalamikia sauti. Mlango ulifunguliwa na Bi Mkubwa, na kabla mzee hajamaliza sentensi alikuwa ameshakalishwa na sahani ya kachori mkononi. Akasikiliza. Akauliza lugha gani hiyo. Baadaye akasema kwa upole kwamba gitaa ni zuri, ila sauti ya kweli ya kiume ilitoka mji huu huu, nayo ni ya Joe Cocker.

Mimi Joe Cocker nilikuwa namsikia juu juu tu. Mzee akatupa somo. Kijana wa Sheffield, aliyezaliwa mwaka 1944, fundi wa mabomba ya gesi, alichukua wimbo wa Beatles, "With a Little Help from My Friends", akauimba kwa namna yake mwaka 1968 mpaka ukashika namba moja Uingereza. Kaka alishtuka kama amepigwa na umeme. "Kwa hiyo wimbo ni wa Beatles, lakini nyinyi mnasema ni wa Joe Cocker?" Mzee akajibu kuwa hapa Sheffield huo ni wa Joe, kwisha habari. Kaka alisimama akamkumbatia! Akamgeukia Papa, "Umesikia? Umesikia? Mazembe ni Joe Cocker!" Papa alikasirika kweli kweli siku hiyo, hakumaliza kachori yake.

Usiku ule sikupata usingizi mapema, mwili ulikuwa bado una saa za zamu. Nikachukua karatasi ya ratiba ya kazi, nikaigeuza nyuma, nikaanza kuandika majina ya wote tunaowagombania. Kila mmoja katokea wapi, kaimbia wapi, kafia wapi. Ndugu zangu, nilipomaliza nilikaa kimya. Kinyonga, kutoka Tanga kwenda Nairobi. Mazembe, kutoka Kongo kupitia Zambia kwenda Nairobi. Remmy, kutoka Kindu kwenda Dar. Samba Mapangala, kutoka Kongo kwenda Nairobi, baadaye Marekani. Jean-Bosco Mwenda, yule mpiga gitaa wa Katanga anayeimba Kiswahili ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Franco alizimikia Ubelgiji mwaka 1989, Tabu Ley naye Ubelgiji mwaka 2013. Hata Joe Cocker wa watu alifariki mwaka 2014 huko Colorado, Marekani. Taarab yenyewe ya Bi Mkubwa ilisafiri, maana wanasimulia kuwa Sultani Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri katika karne ya kumi na tisa. Rumba ya Papa ilichanganyika na sahani za Kyuba, na hizo za Kyuba ziliwahi kubebwa na watumwa kutoka pwani ya Kongo. Na Bongo Fleva yangu? P-Funk Majani ana damu ya Kiholanzi, na Miikka Mwamba aliyewatengenezea muziki vijana wa Dar mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni mtu wa Finland.

Yaani muziki ambao sisi tulio mbali tunautumia kusema "hapa ndipo kwetu" umetengenezwa na watu waliokuwa mbali na kwao. Waliondoka kama sisi tulivyoondoka. Walipofika ugenini wakakuta majirani, wakajifunza Kiswahili cha hao majirani, wakaimba ili waeleweke. Sasa nani ana haki ya kuweka bendera juu yake?

Niliwasomea ile karatasi Jumamosi iliyofuata. Mnadhani ubishi uliisha? Thubutu! Kaka alisema karatasi inamuunga mkono yeye, maana wote walikimbilia Nairobi. Papa akasema inamuunga mkono yeye, maana wengi walitoka Kongo. Bi Mkubwa akasema jamani chai inapoa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Mwaka jana, mwezi wa Februari, nilikuwa nimetoka zamu, sijavua hata viatu, mlango wangu ukagongwa kwa fujo. Alikuwa mjukuu wa Papa. Yule kijana wa muziki wa kuogofya alikuwa ameshapiga 999, simu ipo sikioni, anaongea na mtu wa gari la wagonjwa kwa utulivu kuliko watu wazima ninaowajua. Nilipoingia nilimkuta Papa ameketi sakafuni jikoni. Uso umeshuka upande wa kulia, mkono wa kulia hauinuki, maneno hayatoki. Mtu wa taaluma yangu hahitaji kuambiwa. Kiharusi.

Sikilizeni hapa, hasa wenye wazee ndani ya nyumba. Swali la kwanza la kitaalamu ni hili: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuiyeyusha, lakini kwa kawaida inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT kuhakikisha kwamba siyo mshipa uliopasuka. Mgonjwa aliyeamka nayo usingizini mara nyingi anakosa nafasi hiyo, kwa sababu hakuna anayejua ilianza lini. Kijana alijibu bila kusita, "Saa kumi na mbili na nusu alikuwa anaimba." Kila asubuhi Papa akichemsha maji ya kahawa huimba, na mjukuu kila asubuhi hujifunika mto kichwani kwa hasira. Siku hiyo wimbo ulikatika katikati, na kijana akaamka kwa sababu ya ukimya. Muziki aliokuwa anauchukia ndio ulikuwa saa yetu. Papa alipata dawa kwa wakati.

Alipona roho, lakini maneno hayakurudi. Hali hiyo inaitwa afasia. Kwa watu wengi sehemu za ubongo zinazoendesha usemi zipo upande wa kushoto, na huko ndiko Papa alikoumia. Naomba mwelewe vizuri: afasia siyo kuchanganyikiwa. Papa alikuwa akituelewa karibu kila tulichosema, alijua nani kaingia, alijua leo Jumamosi. Neno tu ndilo lilikuwa halipiti mlangoni. Alikuwa na sauti moja, "ee", akiitumia kwa njaa, kwa maumivu na kwa shukrani.

Na sisi tulibadilika. Tulikuwa tunakwenda wodini kwa zamu (mimi nikiwa jirani, siyo nesi, haikuwa wodi yangu). Bi Mkubwa alipika mchuzi, nikamzuia mpaka wataalamu wampime kwanza kumeza, maana mgonjwa wa kiharusi chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Basi akawa anakaa na kisomo chake kimya kimya. Mzee wa gorofa ya tatu alikuja mara mbili kwa wiki, akakaa na kofia magotini. Sote tukawa tunaongea polepole. Ndiyo Papa. Sawa Papa. Franco ni mfalme, Papa. Kila kitu ndiyo! Kila tulipokubaliana naye, Papa aligeuzia uso ukutani.

Kaka ndiye aliyechoka na hali hiyo. Jumapili moja alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado ana sare za basi, akavuta kiti upande wa kushoto, ule mzima. Akatoa simu, akaweka "Shauri Yako" ya Super Mazembe kwa sauti ndogo ili wagonjwa wengine wasisumbuke.

Kufika kwenye kiitikio, Papa aliimba.

Aliimba kwa maneno. Maneno kamili, ya Kiswahili, yenye mwanzo na mwisho. Mjukuu alisimama, nilimwona anashika ukuta. Mimi darasani nilifundishwa kuwa yapo haya, kwamba mtu asiyeweza kuomba maji anaweza kuimba wimbo alioujua tangu ujana, kwa sababu kuimba kunatumia njia nyingine kwenye ubongo, upande wa kulia ukiwa na mchango wake. Wataalamu wa Boston walilifanyia mbinu ya tiba mwaka 1973, ambapo mgonjwa anaimba kwanza sentensi fupi huku akigonga kwa mkono wa kushoto, kisha taratibu ule wimbo unaondolewa yanabaki maneno. Nilijua. Lakini kuwa nalo kwenye daftari na kulisikia kwa mdomo wa Papa ni vitu viwili.

Wimbo ukaisha, Papa akafungua mdomo aseme kitu, ikatoka "ee". Akajaribu tena, "ee". Macho yakajaa machozi. Bi Mkubwa akaanza kumpapasa mkono, pole mzee, pole. Hapo ndipo Kaka alipofanya jambo ambalo mwanzoni nilitaka kumfinya. Aliegemea kiti, akasema kwa sauti ya kibarazani, "Mnaona? Wimbo wa Kenya umemwamsha."

Papa alimtazama. Aligonga kitanda kwa mkono wa kushoto, pa! Akagonga tena. Mdomo ukahangaika, shingo ikasimama mishipa, tukadhani anaishiwa pumzi.

"Ti," akasema. Akagonga kitanda. "Ti... mbo."

Jamani. Jamani! Kaka aliinamisha kichwa kwenye shuka, mabega yanatikisika, sijui kucheka au kulia. Akasema, "Haya Papa. Umeshinda wiki hii. Wiki hii tu."

Nilimweleza mtaalamu wa tiba ya usemi, na akaomba orodha ya nyimbo. Msiniulize ugomvi uliokuwepo kuitengeneza hiyo orodha! Bi Mkubwa alipigania iingie taarab angalau moja. Mimi Bongo Fleva yangu ilikataliwa na kikao kwa kura nne kwa moja, mzee wa gorofa ya tatu akiwa ndiye katibu. Mtaalamu alituonya vizuri kwamba kuimba siyo kuzungumza, kwamba wimbo ni mlango na bado kuna safari ndefu nyuma ya huo mlango. Ameonekana kuwa mkweli. Leo ni zaidi ya mwaka mmoja, Papa anasema sentensi za maneno matatu au manne. Majina ya watu yanamtoka vibaya, mimi kuna siku ananiita Bi Mkubwa na Bi Mkubwa anamwita mama. Mkono wa kulia bado mzito. Kuna wiki anakata tamaa na hataki mazoezi. Siwezi kuwadanganya kuwa muziki umemponya. Waliomsaidia ni dawa ya mapema, wataalamu wenye subira, na mjukuu anayemfanyisha mazoezi kila jioni.

Lakini nimefikiri sana juu ya ile "pa!" ya kitandani. Sisi tuliomwonea huruma tulikuwa tunampenda, hilo halina shaka. Ila tulikuwa tumeshamwondoa kwenye mkeka. Tulimfanya mtu wa kuambiwa ndiyo, na mtu wa kuambiwa ndiyo kila saa ni mtu ambaye maoni yake hayahesabiwi tena. Kaka alimrudishia kiti chake. Alimwambia, wewe bado ni mbishi wangu, bado una hoja, nami bado naiogopa hoja yako. Katika miaka yangu ya uuguzi nimeona wagonjwa wengi wakioshwa vizuri, wakilishwa vizuri, wakiitikiwa vizuri, huku hakuna anayewauliza wanafikiri nini. Siku hizi nikiwa na mzee wodini, simwulizi tu kama ana maumivu. Namwuliza alikuwa anacheza muziki gani ujanani, na akijibu, kama sikubaliani naye namwambia. Mnaona macho yanavyowaka!

Kwa hiyo wewe uliye ughaibuni, unayerudi kutoka kubeba boksi ukafunga mlango na kuwasha simu, gonga mlango wa jirani. Mwambie Mbilia Bel hamfikii Bi Kidude, au kinyume chake, uone atakavyokufungulia. Na ukiona uso wa mtu umeshuka, mkono hauinuki, maneno yamepinda, usingoje apumzike kwanza: piga simu ya dharura ya nchi uliyopo na ukumbuke saa.

Na kuhusu "Shauri Yako", msimamo wangu ni kwamba ni wimbo wa Kongo uliolelewa Nairobi. Kaka hajaukubali, Papa naye hajaukubali. Kikao kinaendelea.

Nawatakia wikiendi njema, zamu inaniita kesho. Tukijaaliwa tutaonana tena.